Wakazi Elfu Nne wa Namba 87

Jumatatu, 3 Juni

Leo kazi kubwa imetua mezani kwangu. Kubwa kweli! Masharti ya leseni ya mtandao wa simu wa kizazi kipya. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Kampuni tatu zinagombea masafa ya mawimbi, na itakayoshinda itayatia saini masharti haya. Mkurugenzi wa Leseni ameniagiza niyapige chapa upya, yawe safi, yasiwe na kosa hata la nukta. Mimi ni karani mwandamizi. Nina miaka kumi na minne kwenye Mamlaka hii ya Mawasiliano. Nukta zangu zinajulikana.

Kilichonitoa jasho ni Kiambatisho cha Tatu. Ni orodha ya sehemu sitini ambazo mshindi lazima azifikishie mtandao ndani ya miezi kumi na minane, apende asipende. Sehemu ndogo ndogo za pembezoni, ambazo kampuni zikiachiwa hiari yao hazitafika milele.

Nieleze sababu ya jasho. Jana tulikuwa kwa wakwe. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, alitumia dakika arobaini kulisifu tangi la maji. Tangi hilo kalijenga mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, na tangu hapo ananizidi kila kitu, mpaka urefu. Tangi limesimama juu ya nguzo nne za chuma. Maji yanafika mpaka jikoni. Na si maji tu! Kule simu haishiki popote isipokuwa juu ya lile tangi. Mtu akitaka kupiga simu, anapanda ngazi. Kwa hiyo hata mimi nikizungumza na baba mkwe, nazungumza naye kwa hisani ya mwanyumba.

Uvumilivu uliniisha. Nikasema mbele ya wote kwamba mtandao mpya unakuja, leseni zinapita mikononi mwangu, waniachie mimi. Baba mkwe akanipa mkono. Mikono yote miwili! Tangu harusi hajanipa miwili.

Leo naifungua orodha, haina majina. Namba tupu! Mkurugenzi kayaficha majina makusudi, wakubwa wasije wakaanza kupiga simu kuulizia kwao. Mambo ya kutoaminiana. Yanatuumiza sisi waaminifu.

Jumanne, 4 Juni

Majina yako kwenye ramani. Ramani iko ukutani, chumbani kwa Mhandisi wa Masafa. Mhandisi haongei. Yuko hapa mwaka wa sita na sijawahi kusikia sentensi yake iliyozidi maneno matano.

Nimempelekea chai. Akashangaa. Nikamwambia nimevutiwa na kazi yake. Akashangaa zaidi. Bahati nzuri simu yake ikaita, akageukia dirishani. Mimi nikajisogeza ukutani kama mtu anayenyoosha mgongo.

Ramani imejaa pini nyekundu, na kila pini ina kijikaratasi chenye namba. Kwa wakwe sikuhangaika kupatafuta: mto unapokata kona, barabara mbili zinakutana, basi. Pini ipo! Ila pale pini zimesongamana. Kuna karatasi juu ya pini na karatasi nyingine chini yake. Ya juu imeandikwa 41. Ya chini imeandikwa 87. Nimechukua ya chini. Picha yoyote unayoijua, maelezo yake yako chini. Mtu mwingine angebabaika. Mimi hapana.

Nikarudi mezani mbio. Nikapitia orodha mara tatu. 87 haimo! Sehemu sitini, na kwa baba mkwe hapamo! Damu imenichemka. Huu ni uonevu mtupu. Nitaurekebisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Kuongeza ya sitini na moja haiwezekani. Kichwa cha jedwali kinasema sitini, kwa tarakimu na kwa maneno. Ili mmoja aingie, mmoja atoke. Sikuipanga mimi hesabu hiyo.

Nimekaa kama hakimu. Namba 9 wana hospitali, nikakosa ujasiri. Namba 23 wana shule ya wasioona. Namba 30 ni kisiwa, huruma ikanishika. Nikafika 41. Wakazi elfu nne na mia mbili. Shule moja ya sekondari. Zahanati moja. Safuwima ya mwisho inasema: "Simu hupatikana sehemu za juu tu."

Alaa! Kama inapatikana juu, si wapande juu? Wenzao hawapati juu wala chini. Hawa wanadeka. Nikawafuta.

Mahali pao nimeweka 87. Nilipoiandika, kompyuta ikaleta yenyewe vipimo vyake vya ramani, msururu wa tarakimu nisizozielewa lakini zenye sura ya ukweli. Zilibaki takwimu. Za kwa baba mkwe sikuwa nazo. Lakini kwa kukisia zingekuwa zile zile: sekondari moja, zahanati moja, watu elfu nne na kitu. Nikaziacha za 41 zikae hapo hapo. Kwa hiyo nilichobadilisha ni namba tu. Tarakimu mbili! Wapo watu wanafanya makubwa kuliko hayo kabla ya chai ya saa nne.

Alhamisi, 6 Juni

Mkurugenzi ametia saini fupi kila ukurasa, mimi nimesimama pembeni namgeuzia karatasi. Alipofika Kiambatisho cha Tatu akasita. Kalamu ikabaki hewani. Akafuta koma moja, akaendelea.

Saa tisa nyaraka zimekwenda kwa kampuni zote tatu. Mkurugenzi kaniambia kazi safi. Nimekubaliana naye.

Jioni nimemwambia mke wangu, kwa siri. Neno siri nimelirudia mara mbili. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza kama nimefanya jambo la kufukuzwa kazi. Nikamjibu nimefanya masahihisho. Kabla rundo la nguo halijaisha, dada yake alishajua.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya utukufu! Baba mkwe kaita majirani. Viti vya plastiki thelathini, vimepangwa kwa mistari. Walimu, muuguzi wa zahanati, mwenye duka la mbegu, wote wamo. Mimi nimepewa kiti chenye mikono. Mwanyumba kapewa benchi.

Nikahutubia. Nikasema mtandao utafika ndani ya miezi kumi na minane. Nikaona nyuso zinang'aa, nikasema labda kumi na miwili. Mtu akapiga makofi, nikasema sita. Nilipokaa chini ulikuwa unafika wakati wowote.

Mwanyumba kauliza swali moja tu, kama nimeliona jina la hapa limeandikwa kwa macho yangu. Nikamjibu hayo ni mambo ya ofisi, hayazungumzwi kwenye benchi. Raha!

Kisha baba mkwe akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akasimama na kusema ana miaka sabini na mitatu, magoti yanamlilia, na leo mkwe wake amemkomboa, hatapanda tena tangi. Akaamuru ngazi ifunguliwe pale pale. Ikafunguliwa nati moja moja, watu wanashangilia. Akaigawa kwa shule, wakazibie paa. Alisema mtu akiacha jambo aliache moja kwa moja.

Mke wangu hakushangilia. Aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini, katika hiyo miezi ya kusubiri watu watapigaje simu. Nikamwomba asiniharibie siku.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi maswali ya kampuni yamefika. Mkurugenzi katuita wote chumba cha mikutano, akasoma barua ya kampuni ya pili kwa sauti. Nimeinakili:

"Kuhusu Namba 87. Mafundi wetu wamefika kwenye vipimo vilivyotolewa na kukuta ni katikati ya bwawa, kina cha mita kumi na nne. Tunaomba ufafanuzi kama wakazi elfu nne na mia mbili waliotajwa, pamoja na shule yao ya sekondari, wako juu ya maji au chini yake, kwa kuwa ujenzi wa mnara utatofautiana."

Hakuna aliyecheka. Mhandisi akasema 87 ni mlingoti wa kupima kina cha maji. Una redio, ndiyo maana una pini. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kama yeye hubandika karatasi zake chini ya pini. Akasema juu. Zote juu.

Mkurugenzi akauliza safu hiyo mwanzo ilikuwa na namba gani. Mhandisi akafungua nakala yake: 41. Na 41 ni wapi? Tukaenda chumbani kwake kwa msafara. Akagusa ramani kwa ncha ya kalamu. Mto unapokata kona. Barabara mbili zinapokutana.

Nikaomba maji ya kunywa.

Kwa baba mkwe palikuwamo! Tangu mwanzo! Wale wa kudeka ni wakwe zangu! Ningelala tu Jumatano nzima kichwa juu ya meza, leo ningekuwa shujaa.

Jumatano, 12 Juni

Nimepiga moyo konde. Mkakati: anayeongoza uchunguzi hachunguzwi. Nimemwandikia Mkurugenzi nikijitolea kumtafuta mkosaji. Amekubali. Amekubali haraka mno, sikuipenda.

Kufikia saa sita nikawa na taarifa ya awali. Chanzo: kompyuta. Joto, vumbi, umeme kukatika-katika. Mkurugenzi kaisoma yote, akaniuliza taratibu kompyuta iliyoshikwa na joto imewezaje kuchagua namba moja katika sitini, ikabadilisha tarakimu mbili, na isiguse hata koma. Nikasema ndiyo maana uchunguzi unaendelea.

Hapo ndipo aliponipa la pili. Marekebisho lazima yafike kwa kampuni kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo masharti yanafungwa. Na safu iliyochezewa hawezi kuirudisha kwa kubahatisha, maana hajui imechezewa na nani wala kwa faida ya nani. Asipojua, zitatoka zote mbili, 41 na 87, na nafasi itachukuliwa na sehemu ya akiba.

Nikinyamaza, kwa baba mkwe wamekosa. Nikisema, nimekwisha mimi.

Nimempigia baba mkwe nimwandae kidogo. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Ndipo nikakumbuka kwamba ngazi iko shuleni.

Alhamisi, 13 Juni

Saa moja asubuhi simu ya mke wangu imelia. Dada yake. Nilimwona mke wangu anakaa chini taratibu, nikajua kuna jambo.

Ni hivi. Mwanyumba alipoona baba hapatikani siku ya nne, hakungoja. Jana mchana akawasha gari akaenda. Kafika, kakuta watu wamelizunguka tangi. Mama mmoja alikuwa zahanati ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto kakaa vibaya, muuguzi anataka gari la wagonjwa na hakuna pa kupigia simu. Baba mkwe hakusubiri ngazi irudishwe. Alijaribu kupanda kwa nguzo. Kwa nguzo! Mtu wa miaka sabini na mitatu! Akafika nusu, mikono ikaachia.

Goti limevimba na kiganja kimechubuka. Mwanyumba alimpakia mama yule kwenye gari lake mpaka hospitali, mama akajifungua salama, mtoto wa kike. Kila kitu mwanyumba! Ngazi naye ndiye kaichukua shuleni, akaiegemeza kwa muda.

Na baba mkwe amewakataza wote wasiniambie. Amesema mkwe wake ana kazi nzito ya taifa, asitolewe mawazo.

Hilo ndilo lililonimaliza.

Nimefika ofisini, nikafungua sehemu ya pili ya taarifa yangu, inayohusu vumbi. Nikaisoma mistari miwili. Nikaifuta. Nikaandika ukurasa mmoja: nani, lini, kwa nini, na kwa ajili ya wakwe wa nani. Nikaupeleka mwenyewe.

Mkurugenzi kausoma mara mbili. Hakupandisha sauti. Kamwita Mhandisi, akamuuliza ni nini kilichomfanya aiweke 41 kwenye orodha toka mwanzo. Na Mhandisi akazungumza.

"Nilipita pale mwaka jana na mashine zangu," alisema. "Nikakuta mzee yuko juu ya tangi la maji, simu sikioni. Anapokea matokeo ya mtihani ya watoto wa pale, anawatangazia wazazi waliosimama chini, jina moja moja. Mtoto aliyefeli alimruka, akashuka kumwambia mzazi wake pembeni, kisha akapanda tena. Alipanda na kushuka mara tano. Nilihesabu."

Sikuwahi kulisikia hilo. Miaka yote hii nalichukia lile tangi, sikuwahi kuuliza mzee anafanya nini kule juu.

Mkurugenzi akafunga faili. Akasema 41 inarudi kwa sababu ya yule mzee.

"Umenielewa, bwana? Si kwa sababu yako."

Nimeelewa.

Ijumaa, 14 Juni

Marekebisho yametoka saa tano na dakika ishirini. 41 imerudi mahali pake. 87 imebaki na samaki wake. Kazi ya chapa kapewa katibu muhtasi. Nilijitolea angalau kubana karatasi kwa pini, nikaambiwa niweke mikono mezani.

Saa nane nimepewa barua yangu. Karipio kali. Neno mwandamizi limeondolewa mbele ya cheo, nimebaki karani mkavu. Kuanzia Jumatatu niripoti Kitengo cha Namba, ghorofa ya chini. Mkurugenzi kasema alikuwa na haki ya kunifukuza, na ile karatasi ya ukurasa mmoja ndiyo iliyonibakiza. Akaongeza kwamba ni kazi yangu nzuri kuliko zote alizozisoma, haikuwa na kosa hata la nukta.

Jumapili, 16 Juni

Mke wangu kaisoma barua. Hakunifokea. Angenifokea ningepona haraka. Alisema nimweleze baba ukweli leo, la sivyo ataueleza yeye, na yeye hatapunguza.

Baba mkwe alikuwa barazani, goti limefungwa bandeji. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza vizuri: nikamwambia hapa palikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, kwa sababu mhandisi mmoja alimwona juu ya tangi akitangaza matokeo. Akatazama tangi. Kisha akataka kujua kazi yangu mimi ilikuwa ipi. Nikasema katika harakati za uchapaji kulitokea mabadiliko ya tarakimu.

Kafundisha miaka thelathini na mitano. Akaniuliza mtenda katika sentensi hiyo ni nani.

"Ni mimi, baba."

Akaniomba niirudie sentensi nzima, na mtenda wake. Nikairudia. Nilitokwa na jasho kama mtoto wa darasa la tatu. Alipomaliza kunisikiliza akasema goti litapona, lakini ngazi imeegemezwa tu na upepo unaweza kuiangusha, hivyo badala ya kukaa hapo na sura ya msiba nikaifunge.

Nikapanda. Mwanyumba akashika chini. Sikuthubutu kumtazama. Alinipitishia nati moja moja, na spana. Tulipomaliza akaniambia ya kushoto haijakaza, niirudie. Nikairudia. Hiyo tu.

Kule juu unaona mbali. Sikujua.

Nimeapa. Sichezei tena orodha, jedwali wala ramani. Nimemwapia mke wangu, na nimejiapia mwenyewe.

Jumatatu, 17 Juni

Kitengo cha Namba. Chumba hakina dirisha. Kazi yetu ni kuandika mafungu ya namba za simu yanayogawiwa kampuni, fungu kwa fungu, kwenye vitabu vinene kama matofali. Msimamizi ni mama mpole, kabakiza miezi mitatu astaafu. Kaniambia hapa hakuna haraka na hakuna anayeshuka kutukagua.

Kuna kabati la namba maalumu. Zile nyepesi, zinazokaa kichwani, huhifadhiwa kwa ajili ya zimamoto na taasisi kubwa. Nimelifungua kidogo, ili niijue kazi yangu. Ipo moja ya saba tupu! Saba kuanzia mwanzo mpaka mwisho! Imekaa bure, haina mwenyewe.

Sasa, jana mwanyumba alimletea baba mkwe simu mpya, kioo kipana, tayari kwa mtandao ukifika. Ilisifiwa kuanzia barazani mpaka getini. Mimi sina kinyongo. Lakini simu bila namba ni kioo cha kunyolea ndevu. Na baba mkwe mwenyewe analalamika kwamba namba yake haimkai kichwani.

Hii si orodha. Si jedwali. Si ramani. Kiapo changu kiko palepale. Ni namba moja katika milioni tisa, na mtu anayestahili kupewa namba nyepesi katika nchi hii, baada ya yote aliyoyapanda, ni nani?

Nimemuuliza msimamizi fomu ziko wapi. Kasema droo ya pili, nijichukulie. Nimeshajaza nusu. Penye jina la taasisi nimeandika Ofisi ya Mwalimu Mkuu Mstaafu. Penye idadi ya watumishi nimeandika mia tatu, isije ikaonekana ndogo.